Samsung T7 imeifufua iMac ya 2017, na skrini hatujaigusa

Wadau wangu, karibuni tena. Leo sina porojo nyingi mwanzoni maana hiki kidiski kimenifurahisha mno. Samsung T7, SSD ya nje, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka, na leo Mac inawakia humu badala ya diski yake ya ndani. Uzito, rangi, 1,050 MB kwa sekunde, hayo mmeshayasikia kila mahali, twende.

Mashine ndiyo hii, iMac ya inchi 21.5 ya 2017. Kioo kizuri, prosesa bado ina nguvu, lakini ndani mna ile diski ya kuzunguka, mizunguko 5,400 kwa dakika. Unaiwasha, unaenda kuoga, unarudi bado inawaza. Fundi mmoja akaniambia tukate gundi ya skrini tuweke SSD ndani. Tukate gundi! Kioo kikipasuka je, nani analipa?

Basi nimekloni, yaani nimenakili diski nzima na mfumo wake, kuja huku nje kwenye T7 kwa programu ya Carbon Copy Cloner. Kabla ya hapo, kwenye Disk Utility, programu ya diski ya Mac yenyewe, bonyeza Show All Devices, uifute T7 yote iwe APFS na GUID, ndio mpangilio wa diski ambao Mac inawakia, maana dukani inatoka na mpangilio wa exFAT, na huo hauwaki ng'o. Halafu chomeka kwenye tundu la Thunderbolt 3 hapa nyuma. Yale matundu bapa ya USB yanaishia gigabiti 5 kwa sekunde, haya ya Thunderbolt yanapeleka 10.

Sasa sogeeni. Mashine imezimwa kabisa. Nawasha, hapo hapo nashikilia Option. Una kibodi ya Windows? Shika Alt. Kama ni ya bluetooth, ichomeke waya, zisizo na waya hapa huwa zinazingua. Siachii... siachii... haya! Mnaona diski mbili? Ya kijivu ya ndani, ya chungwa ya nje. Jina nimelibadilisha mapema, kwa sababu kloni inakuja na jina la mama yake, na ukiona Macintosh HD mbili zimekaa pamoja utabahatisha.

Utamu wenyewe huu hapa. Nimesimama kwenye ya chungwa, nashika Control. Tazama ule mshale chini yake. Umekuwa wa kuzunguka! Ngoja niachie. Umerudi. Nashika tena. Umeona? Hiyo maana yake si kwa leo tu, kuanzia sasa itawakia T7 kila siku bila kushika kitu. Enter. Angalia huo mstari unavyokimbia... eeh, tumefika! Tena Safari naifungua, paa. Ukitaka uhakika, ingia About This Mac, Startup disk inasema T7.

Nilitaka kusema kila mwenye Mac anunue, lakini tulieni kidogo. Kama yako ina T2, chipu ya usalama ya Apple iliyo kwenye Mac nyingi za 2018 hadi 2020, lazima kwanza uruhusu diski za nje kwenye Startup Security Utility. Na zenye chipu za Apple wenyewe, M1 kuja juu, unashikilia kitufe cha kuwashia, siyo Option, na diski ya ndani ikifa, hii ya nje haikuokoi. Hizo nakushauri T7 iwe ya kubebea faili tu. Tena tangu Big Sur ya 2020 (toleo la macOS) Apple wameipiga muhuri sehemu ya mfumo, kwa hiyo kukloni siyo mteremko kama zamani.

Watu wa Windows najua mmeshaanza komenti. Kwenu ni balaa zaidi, kloni ya Windows kwenye USB mara nyingi inagoma kuwaka na kukupa kosa la INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, na Windows To Go, ile ya kuwashia Windows kwenye USB, Microsoft walishaiondoa 2020. Video yenu naiandaa, jiandikisheni msiikose.

Bei? Inapanda na kushuka, ulizeni maduka mawili matatu. Ila ukiuziwa SSD ya TB 16 kwa bei ya chipsi kuku, kimbia. Wanaozifungua wanakuta kadi ndogo ya kumbukumbu (microSD) imebandikwa ndani.

Na waya huu, ukishawakia hapa, usiuchomoe mashine ikiwa hewani. Ukiuchomoa, mfumo wenyewe ndio umeondoka.