Mfumo wa kulinda simu za ofisi: nyota moja, na hiyo moja nimejilazimisha

Usalama siupingi. Ofisi yetu hapa Mtwara inanunua korosho, na bei tunayokwenda nayo mnadani ikivuja tumekwisha. Kwa hiyo kampuni moja ya Dar ilipopewa kazi ya kusimamia simu na laptop zetu zote kutoka huko huko, niliwapa simu yangu bila maneno. Yangu, ya hela yangu, siyo ya ofisi.

Basi msimu uliopita niko vijijini Tandahimba, kwenye ghala la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Mtandao wa kule unakuja ukijisikia. Sera yao inasema simu isiporipoti kwenye seva kwa muda waliopanga, inafungiwa barua pepe na mafaili ya kazi. Hilo sawa. Lakini niliposogea barabarani mtandao ukashika, simu ikazima, ikawaka upya, ikaniambia: "Karibu, chagua lugha." Picha za mizani, namba za makarani, harusi ya mdogo wangu kule Newala, vyote kwaheri.

Nikaazima simu ya mpakiaji, nikawapigia hao wa Dar. Kijana hata salamu hakunipa. "Dada, mfumo ulionyesha imepotea, nikaifuta. Kwani ulikuwa wapi muda wote huo? Si ungetafuta Wi-Fi?"

Wi-Fi! Mimi nimesimama chini ya mkorosho, magunia yanapita vichwani mwa watu, nitafute Wi-Fi!

Nikamuuliza kwa nini asingepiga kwanza ofisini aulize. "Ndiyo sera." Nikamtajia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Akacheka. Kweli alicheka.

Na wala hawana kisingizio. Android ina wasifu wa kazi: mambo ya ofisi yanakaa upande wake, na msimamizi akifuta, unafutika upande huo tu, picha zako haziguswi. Simu binafsi ndivyo inavyosajiliwa. Hawa walitumia njia ya kizamani ya kuipa programu yao madaraka juu ya simu nzima, njia ambayo Google wenyewe walianza kuipunguzia nguvu kwenye Android 9 na 10.

Haki yao niwape. Laptop ya mwenzetu ilipoibwa stendi, diski ilikuwa imefungwa kwa usimbaji, yaani haisomeki bila ufunguo wake, na akaunti zake wakazizima siku hiyo hiyo. Mwizi kaambulia chuma tu. Hapo nilitaka kuwapa nyota tatu, hata nne. Kama ofisi yenu yote inashinda Shangani hapa mjini kwenye intaneti ya uhakika, huenda mkawapenda.

Lakini kila nikifika kwenye nne namsikia yule kijana na Wi-Fi yake. Moja inawatosha. Juzi wameniandikia eti niipeleke simu waisajili upya. Wanunue ya kwao.