Huduma ya Usanifu wa Mwonekano wa Programu, Mafiat, Mbeya

Ninauza mchele wa Kyela pale Mwanjelwa, na mwaka huu niliwapa vijana wa ofisi moja ndogo ya usanifu, jirani na Mafiat, kazi ya kunisanifia mwonekano wa programu ya kupokea oda kwa simu. Kazi yao nimeipenda, ingawa ina dosari moja ambayo sitaificha.

Siku ya kwanza hakuna aliyewasha kompyuta. Mimi na binti anayenisaidia dukani tulipewa karatasi, kila mmoja akaikunja mara tatu ili apate vyumba 8, kisha tukachora skrini 8 tofauti ndani ya dakika 8. Zoezi hilo limeenezwa na Google Ventures, tawi la uwekezaji lililoanzishwa na Google, na nguvu yake ni kwamba michoro ya mwanzo hufanana na programu ulizokwisha kuziona, hivyo ukifika wa tano huna tena pa kuigia, unalazimika kubuni. Uliochaguliwa ni mchoro wa binti yule: badala ya orodha ya namba, alichora kilo, sado na debe kama picha za kubonyeza, kwa sababu ndivyo wateja wetu wanavyotaja kiasi.

Rangi nazo hawakuzitoa kichwani. Walipiga picha magunia, pishi na mashamba ya mpunga, wakazibandika ukutani, na humo wakapata kijani cha mpunga mchanga na hudhurungi ya gunia.

Dosari ilikuwa kwenye bei. Waliziandika kwa kijivu chembamba juu ya nyeupe. Ofisini zilipendeza mno, lakini saa sita mchana, jua la sokoni likipiga kioo, sikuweza kuzisoma hata nilipokinga simu kwa kiganja. Walipopima, utofauti wa mwangaza kati ya maandishi na rangi iliyo nyuma yake ulikuwa chini ya 4.5 kwa 1, kiwango ambacho WCAG, miongozo ya kimataifa ya kufanya kurasa za mtandao zitumike na watu wote, inakitaka kwa maandishi ya kawaida. Walirekebisha bila kudai nyongeza, wakakuza na kitufe cha kuagiza kifikie milimita 9 hivi, lakini kipimo hicho cha rangi kilipaswa kufanyika kabla ya kunionyesha chochote.

Anayekwenda kwao asikubali kazi akiwa amekaa ofisini mwao. Aichukue simu, aende nayo mahali wateja wake wanaposimama, aisome hapo jua likiwa utosini.