Haisi ya kulala na jasho la asubuhi: nilivyolipia vitu vitano, na kilichotusaidia kweli

Nianze na godoro tunalolalia garini, maana ndilo lililonifumbua macho. Julai ya mwaka juzi tuliligeuza ili tulianike uani hapa Moshi, tukakuta upande wa chini umejaa madoa meusi ya kuvu, kuanzia kichwani hadi miguuni. Lilikuwa na miezi mitano tu tangu tulinunue. Nikaamini kwamba gari linavuja. Baba Neema akapanda ngazi, akamwaga ndoo tatu za maji juu ya paa huku mimi niko ndani na tochi. Halikuingia hata tone. Maji yale yalikuwa yanatoka kwetu sisi wenyewe, kila usiku, na mwaka mzima tulikuwa tunalaumu raba za milango.

Sisi tunauza miche ya parachichi. Haisi yetu ni ya zamani. Tuliitoa viti vya nyuma, seremala akatupigia kitanda cha mbao, na chini yake tunapanga makreti ya miche. Tunafuata siku za mnada na oda za wakulima: Siha, Oldonyo Sambu, Karatu, mara nyingine mpaka Mbulu. Ukilala gesti kila safari faida yote inaishia huko, kwa hiyo tunalala garini siku mbili tatu mfululizo. Miezi ya joto hakuna neno. Kazi ni kipupwe, Juni hadi Agosti. Kila ukipanda mita 1,000 joto hushuka kwa wastani wa nyuzi 6 hivi, na Karatu iko kama mita 1,500 wakati Moshi mjini haifiki hata 1,000. Shuka uliyojifunika Pasua, hapa Moshi, ukalala vizuri, kule alfajiri unatafuta blanketi juu ya blanketi.

Basi tulikuwa tunafunga kila kitu. Vioo juu, milango imebanwa, hata tundu la hewa la dashibodi tunaliziba kwa kitambaa. Asubuhi dari linang'aa maji kama sufuria iliyofunuliwa. Tone linadondokea shavuni, blanketi linashika unyevu pembeni, daftari la oda linajikunja kurasa. Nguo tulizoziacha zimekauka jioni tunazivaa zikiwa na ubaridi wa maji. Na harufu ile ya gunia bichi haitoki hata ukipulizia marashi.

Kitu cha kwanza nilichonunua ni kopo la chumvi ya kunyonya unyevu, lile ambalo watu wengi wanaliweka kabatini. Ndani kuna kloridi ya kalsiamu. Inavuta maji hewani, maji yanadondokea kikombe cha chini. Shilingi 9,000. Kwa kabati la nguo nalisifu, mpaka leo ninalo moja nyumbani. Kwa gari lenye watu wawili ndani halitoshi, na hesabu yake ni rahisi. Mtu akilala hutoa maji kwa pumzi na kwa ngozi. Watu wawili kwa usiku mmoja wanafika nusu lita au zaidi. Kopo letu asubuhi lilikuwa na vijiko viwili vya maji. Tena lilipinduka kwenye kona za mlima wa Mto wa Mbu, yale maji ya chumvi yakaingia chini ya kapeti, na bila kuwahi kuyaosha yangekula bati. Gari linalotembea si mahali pake.

Cha pili kilinigharimu zaidi na kiliniuma zaidi: mashine ndogo ya umeme ya kukausha hewa, shilingi 145,000, nilinunua dukani Arusha. Muuzaji alinihakikishia kwamba inafaa kwa chumba kizima. Hizi ndogo zisizo na kompresa zina kibati ndani kinachopoozwa kwa umeme, mvuke unagandia pale kisha unadondoka. Sebuleni Moshi mwezi wa Machi ilijaza kikombe. Garini Karatu, kwenye baridi, haikufanya kitu cha maana, kwa sababu hewa yenyewe imeshapoa na kile kibati hakina nguvu ya kupoa chini yake zaidi. Wati 45 kwa saa 8, ukigawa kwa volti 12, ni ampea-saa 30. Betri yetu ya sola ni ya 100. Yaani karibu theluthi ya betri kwa vijiko vitatu vya maji. Simwambii mtu yeyote anunue mashine ya aina hii kwa ajili ya kulala nyanda za baridi. Niliirudisha, haikupokelewa.

Hapo ndipo nilipokaa chini nikajiuliza hayo maji yanakwenda wapi, badala ya kutafuta kitu cha kuyanywa. Hewa yenye nyuzi 20 inaweza kubeba maji gramu 17 hivi katika kila mita moja ya ujazo. Ikipoa hadi nyuzi 10 inabeba gramu 9 na kidogo. Zinazozidi lazima zitue mahali, na zinatua kwenye kitu chenye baridi kuliko vyote: bati la paa, vioo, mbavu za chuma za bodi, hata vichwa vya skrubu. Ukielewa hilo, njia ziko tatu tu. Upunguze mvuke unaotengeneza, uutoe nje kabla haujatua, au ufunike chuma kisikutane na pumzi yako. Sisi tumefanya zote tatu, ila hazina uzito sawa.

Kupunguza hakukutugharimu hata shilingi. Miche! Makreti 12 ya udongo uliotoka kumwagiliwa, tumeyalaza chini ya kitanda na kujifungia nayo. Sasa tunamwagilia asubuhi, na usiku makreti yanashushwa nje chini ya turubai. Makoti yaliyolowa yanabaki kiti cha mbele. Na chai hatuchemshii ndani tena. Gesi ya mtungi ikiungua inatengeneza maji: kilo 1 ya gesi hutoa kama kilo 1.6 za maji kwenye hewa, mbali na mvuke wa sufuria. Nilikuwa nawasha jiko nikijua napasha gari joto, kumbe naliogesha.

Hapa niseme jambo kwa uzito wote. Wapo wanaoingiza jiko la mkaa garini ili kukausha unyevu na kupata joto. Msifanye hivyo, hata kwa dakika kumi, hata likiwa limebaki na majivu mekundu tu. Mkaa unatoa hewa ya kaboni monoksidi, haina harufu, haina rangi, haikuwashi macho. Mtu anasinzia na haamki. Mama mmoja wa mnadani alinishauri hivyo kwa upendo kabisa, na nilimsihi yeye mwenyewe aache.

Sasa feni. Nimeitumia vipupwe viwili na ndiyo ninayoiandikia hasa. Ni feni ya kompyuta ya sentimita 12, ya volti 12, niliipata kwa mafundi wa vifaa vilivyotumika kwa shilingi 8,000. Fundi bodi mmoja wa hapa Moshi alitoboa tundu nyuma ya paa, akaweka kofia ya bati juu ili mvua isiingie, akazungushia gundi ya silikoni, akaipachika feni ikitazama nje ili itoe hewa, si kuingiza. Kazi na vifaa ilikuwa shilingi 65,000. Akanisisitiza jambo ambalo nisingelijua: feni haiwezi kutoa hewa kama hakuna inakoingilia. Kwa hiyo kioo cha mbele cha upande wa abiria tunakishusha upana wa kidole kimoja, chini ya kile kikinga mvua cha plastiki, na pale nimeshona wavu wa mbu. Hewa baridi inaingia mbele, inapita juu yetu, inatoka nyuma juu na mvuke wetu.

Usiku wa kwanza tulilala Karatu, ukungu nje mzito kiasi cha kutoona taa ya jirani. Baba Neema akaniuliza, “Mama Neema, hewa ya nje yenyewe ni maji matupu, tunaiingiza ya nini?” Lilikuwa swali zuri na mimi pia lilinisumbua. Jibu liko kwenye ile hesabu ya juu. Hewa ya nyuzi 8 hata ikijaa ukungu ina gramu 8 hivi za maji, basi. Ikiingia ndani ikapata joto la miili yetu hadi nyuzi 14, inakuwa na nafasi ya kubeba 12. Ina kiu. Inachukua pumzi yetu na kutoka nayo. Kwa hiyo hewa ya ukungu wa Karatu ni kavu kuliko hewa ya watu wawili waliojifungia.

Nilinunua na kile kipimo kidogo cha unyevu chenye joto pamoja, shilingi 25,000, kwa sababu nilitaka kuona kwa namba. Tukiwa tumefunga kila kitu, tulilala kipimo kikisoma asilimia 68, alfajiri kilikuwa 94 na dari linadondosha. Feni ikiwashwa, alfajiri ya baridi ileile tulikuta 77, dari kavu, blanketi kavu. Sijawahi kufurahia namba hivyo. Umeme inaokula ni mdogo sana: inavuta ampea 0.2, usiku wa saa 8 hautimizi hata ampea-saa 2. Betri haishtuki.

Kasoro zipo. Inavuma, siku mbili za kwanza nilikuwa naamka, siku hizi ikizimika ndipo ninaposhtuka. Barabara ya vumbi inaingiza vumbi kupitia tundu lile, kwa hiyo tunaliziba kwa kifuniko cha ndoo kabla ya kuondoka. Na ndani kunakuwa na baridi zaidi kidogo, nyuzi mbili hivi kwa kipimo changu, ambazo tumezifidia kwa shuka la Kimasai juu ya blanketi. Mama mkwe wangu, Machame, alisikitika kweli: “Mwanangu, funga dirisha, mtapata vichomi.” Nilimwonyesha kwamba upepo haupigi kifuani wala kichwani, unapita darini. Nikamweleza na habari za kuvu kwenye godoro, maana kifua cha Neema kilikuwa kinakohoa kila tukisafiri naye wakati wa likizo. Tangu tubadilishe hajakohoa garini. Nasema nilichokiona kwa mwanangu.

Sponji ya kufunika chuma ilinipa shida ya fundi kabla ya kunipa raha. Fundi wa kwanza, ambaye sitamtaja, alitaka kubandika vipande vya godoro kisha kapeti juu yake. Alishaweka upande mmoja nilipofika. Sponji ya godoro inakunywa maji. Mvuke unapenya hadi kwenye bati, unatulia huko nyuma usipouona, na gari linaoza kimyakimya. Tulibandua yote, na pesa ya gundi ikapotea. Inayotakiwa ni sponji ngumu isiyopitisha maji, jamii ya ile mikeka ya mazoezi, ya unene wa milimita 10, inabandikwa igusane na bati bila mianya. Kipimo chake: kata kipande, kizamishe kwenye beseni, kikamue. Kikitoa maji, kirudishe dukani. Fundi wa pili aliifanya kazi kwa siku mbili na akafunika hata zile mbavu za chuma, ambazo wengi wanaziacha kwa kuwa kuzizungushia kunachosha. Pale ndipo maji yalikuwa yanaanzia. Sponji inaongeza joto na inapunguza matone, ila bila feni bado tungelala kwenye unyevu. Mvuke ungetafuta tu mahali pengine pa kutua.

Kuhusu godoro jipya, wazo lilitoka shambani. Kahawa mbichi ukiilaza chini inaota kuvu, ndiyo maana tunaianika kwenye vichanja, hewa ipite chini yake. Kitanda chetu kilikuwa ubao mmoja mpana, jasho la mgongo linashuka kwenye godoro na kugota kwenye ubao wa baridi. Tulimrudia seremala, akautoa, akaweka fito zenye nafasi ya vidole viwili. Shilingi 30,000. Vipupwe viwili vimepita, nimeligeuza mwezi uliopita, ni jeupe kama lilivyotoka dukani.

Mwenye pesa kidogo aanze na feni na tundu la hewa, afuatie fito za kitanda, sponji mwishoni. Feni naipa 9 kwa 10, hiyo moja naipunguza kwa vumbi. Fito 10. Sponji 7, ikiwekwa na anayejua. Kopo la chumvi 3, mashine 1.

Kioo kikubwa cha mbele bado kinatoka jasho, hata tukikiwekea ile karatasi ya fedha ya kuzuia jua; maji yanajificha nyuma yake. Nakipangusa kwa raba ya vioo nikiwa nasubiri maji ya chai yachemke nje, nakinga kwa taulo. Zamani nilikuwa nakamua taulo lile mara nne kabla ya kuwasha gari, sasa ni mara moja.