Chaneli ya Physics Girl: Tathmini ya Mtazamaji

Wanasayansi wengi wa kike ninaowafuata mitandaoni hupiga picha wakiwa wamevaa koti jeupe, wakaandika maneno ya kutia moyo, basi. Dianna Cowern, aliyehitimu fizikia katika chuo cha MIT nchini Marekani mwaka 2011 na mwaka huohuo akafungua chaneli ya Physics Girl kwenye YouTube, alishika njia nyingine: humwonyesha mtazamaji jambo lenyewe kwanza, kisha yeye mwenyewe akalishangaa waziwazi kabla ya kulieleza.

Video yake ninayoipenda kuliko zote ni ya sahani bwawani. Sahani ikizamishwa nusu, ikasukumwa mbele na kuinuliwa, huacha nyuma yake vishimo viwili vya maji yanayozunguka, kila kimoja kwa upande wake, navyo husafiri pamoja kana kwamba vimefungwa kamba. Akidondosha rangi ya chakula, unaona kwamba kweli vimeungana: chini yake kuna upinde wa maji yanayojizungusha. Niliwaonyesha wapwa zangu wawili wa kidato cha pili, nao wakadai tujaribu papo hapo. Bwawa la kuogelea hatuna. Katika karai letu vishimo vilifika ukingoni na kufa kabla hatujavitazama vizuri.

Hapo ndipo penye kasoro, kwani vifaa na mazingira ni ya Kimarekani, na Kiingereza chake ni cha haraka mno, ingawa kuwasha maandishi ya chini ya picha kunasaidia. Zaidi ya hayo, Cowern ni mfafanuzi wa fizikia kuliko mtafiti, hivyo binti anayetaka kujua siku ya mtafiti maabara ikoje atabaki na kiu. Ujue pia kwamba video mpya zilipungua sana baada ya kuugua UVIKO-19 mwaka 2022, ugonjwa ambao athari zake za muda mrefu zilimlaza kitandani. Za zamani, hata hivyo, hazijachakaa.

Anayetaka kuanza bila kupoteza bando aanze na ile ya mipira: mdogo huwekwa juu ya mkubwa, ikaachiliwa pamoja. Tulitumia mpira wa tenisi na wa miguu. Wa tenisi ulivuka paa la jikoni, na mpwa wangu mdogo, badala ya kuukimbilia, alibaki akiuliza kwa nini ule mkubwa haukudunda.