Mafundi wa epoksi kwenye mlango wa gereji Kigamboni: ninachosifia na ninacholalamikia

Kwa wanaouliza kama inafaa kuwalipa mafundi wa kupaka epoksi (rangi ngumu inayozuia maji) kwenye mlango wa gereji wakati unaishi jirani na bahari: inafaa, ila si kwa sababu wanayoitangaza wao. Wao wanauza rangi. Mlango wetu umeokolewa na usafi uliofanyika kabla ya rangi, pamoja na maji yasiyo na chumvi tunayoumwagia tangu walipoondoka. Nawapa nyota 4 kati ya 5, na hiyo moja iliyokatwa wameitafuta wenyewe.

Mlango ni shata ya kawaida, ile ya vipande vya bati vinavyoshikana na kujiviringisha juu kwenye bomba. Upana mita 3, mota na rimoti. Nyumba iko Kigamboni, Dar es Salaam, upande ambao upepo wa kusi unaingia moja kwa moja kutoka baharini. Mlango unatazama magharibi, bahari iko mgongoni kwake, na juu yake kuna kibaraza kinachoukinga na mvua. Ukisikia hivyo utadhani uko salama. Kumbe huo ndio uliooza zaidi, wakati geti la nje, linalonyeshewa masika yote, liko nafuu.

Fundi mkuu ndiye aliyenifungua macho. Upepo unabeba chumvi na kuitua kila mahali, lakini geti la nje linaoshwa na mvua. Mlango ulio chini ya kibaraza hauoshwi na mtu, chumvi inajilundika tu. Na chumvi haihitaji mvua ili ilete madhara. Unyevu wa hewa ukivuka kama asilimia 75, punje ya chumvi inavuta maji hewani mpaka inayeyuka na kuwa tone. Pwani yetu inavuka hapo karibu kila alfajiri. Kwa hiyo bati linalala limelowa maji ya chumvi, halafu kuanzia saa nane mchana jua la magharibi linalipika. Kesho yake tena hivyo hivyo.

Rangi tuliyoikuta juu ya mlango huo ilikuwa ya mafuta, imepakwa moja kwa moja kwenye bati la zinki, tena kwa unene wa kutosha. Kwa mbali ilionekana nzuri. Ukiikwaruza kwa ukucha inanyanyuka nzima kama ganda la kitunguu, na chini yake unakuta unga mweupe unaobaki kidoleni. Huo unga ndio kutu ya zinki. Rangi ya mafuta na zinki haziishi pamoja: mafuta yaliyomo kwenye rangi yanachanganyika na zinki na unyevu, panajitengeneza utando wa sabuni katikati, na rangi inakosa cha kushika. Hata ungenunua rangi ya bei gani, haitadumu. Mafundi wengi mtaani bado wanapaka hivyo kwa sababu siku ya kukabidhi kazi inang'aa vizuri, na itakapoanza kubanduka wao wako mtaa mwingine.

Sasa kazi yenyewe. Walianza kwa kuosha mlango wote kwa maji na sabuni ya unga, wakasuuza, wakaacha ukauke. Baadaye rangi ya zamani yote ikakwanguliwa, wakapiga msasa, penye kutu nyekundu wakaingia na brashi ya waya, halafu wakaosha tena. Hiyo ya kuosha mara ya pili ndiyo iliyonifanya niwaamini, maana vumbi la msasa lina chumvi ileile, na ukipaka juu yake umeifungia ndani. Niliwapa maji ya bomba ya DAWASA, siyo ya kisima. Kisima chetu kina chumvi kama cha majirani wengi wa huku, na ungekuwa mchezo wa kuigiza kuosha chumvi kwa chumvi.

Siku ya kupaka walifika saa moja asubuhi. Nikadhani wataanza mapema ili wamalize mapema. Fundi mkuu akatoa kitambaa cheupe mfukoni, akakipitisha juu ya bati, akanionyesha: kimelowa.

"Dada, hapa tusubiri. Bati bado linatoka jasho."

Usiku ukiwa hauna mawingu bati linapoa kuliko hewa yenyewe, na unyevu unagandia juu yake hata kama huuoni kwa macho. Praima, yaani rangi ya kwanza inayoshikana na bati, ikipakwa juu ya jasho hilo haishiki. Walisubiri mpaka saa nne, kitambaa kikatoka kikavu, wakaanza. Saa saba wakaacha, kwa sababu jua lilikuwa limeshaanza kuusogelea mlango, na bati likipata moto rangi inakauka kabla haijatandaa, inaacha michirizi ya brashi. Yaani kwa mlango unaotazama magharibi una saa tatu tu za kufanya kazi ya maana kwa siku. Anayekuambia atamaliza mlango kama huu kwa siku moja huku pwani, mwulize anapaka saa ngapi. Na kama unaweza kuchagua, fanya kazi hii kipupwe, Juni mpaka Septemba. Kipindi cha kaskazi joto linachosha watu na rangi vilevile.

Walitumia praima ya epoksi ambayo kopo lake limeandikwa kwamba inafaa kwa bati la zinki. Soma kopo, siyo kila praima inafaa. Epoksi ni ya makopo mawili unayochanganya, na kwenye joto inaganda haraka mno. Kijana mmoja alichanganya nyingi kwa mara moja, na baada ya muda kopo likaanza kupata moto lenyewe mkononi, rangi ikawa nzito kama uji wa jana. Ikabidi imwagwe. Hasara ilikuwa yao, lakini na wewe ukijipakia mwenyewe changanya kidogo kidogo.

Hapa ndipo tulipobishana. Wao walitaka waishie kwenye epoksi, tabaka mbili, basi. Nikakataa. Epoksi inazuia maji vizuri sana ila jua hailiwezi, inapauka na kutoa unga. Juu yake lazima pawe na rangi inayovumilia jua, nasi tukaweka poliyurithani. Halafu wakanishawishi nichukue rangi ya kahawa iliyokolea, eti ndiyo ya kisasa. Mlango unaopigwa na jua la saa kumi haupakwi rangi nyeusi wala kahawia. Nilichukua nyeupe iliyofifia kidogo, na ukiugusa mlango jioni tofauti unaisikia na mkono. Siyo suala la urembo tu: chuma kinatanuka. Bati la mita 3 likipanda joto kwa nyuzi 35 linaongezeka zaidi kidogo ya milimita moja. Ndogo, lakini kwenye reli iliyojaa mchanga na kutu inatosha kuufanya mlango ulie na mota ihangaike. Anayefikiria alumini ajue kwamba yenyewe inatanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo reli ziachwe na nafasi.

Kuhusu mota, hili wengi hawalijui. Hizi mota za ndani ya bomba nyingi zimetengenezwa kufanya kazi kama dakika 4 mfululizo, halafu zinajizima zenyewe zikipata moto. Gereji ya paa la bati lisilo na dari, saa tisa mchana, mota imeshachemka kabla hujabonyeza rimoti. Yetu ilikuwa inajizima mlango ukiwa nusu, na mtu mmoja alishatuambia tununue mpya. Mafundi hawa walisafisha reli, wakatushauri tuweke matofali ya matundu juu ukutani pande mbili ili hewa ipite. Tukaweka. Mota ni ileile na haijajizima tena. Matundu hayo yamesaidia pia masika, kwa sababu gari likiingia limelowa na mlango ukafungwa, mvuke wote ulikuwa unaishia nyuma ya bati.

Malalamiko. La kwanza, walikata vishikizo vya reli kwa grenda hatua chache tu kutoka kwenye praima mbichi. Cheche zile ni chembe za chuma. Kesho yake praima ilikuwa na madoadoa ya rangi ya chai, kila doa ni chembe imeota kutu. Walipiga msasa na kurudia bila kuongeza pesa, lakini kazi iliyojitangaza kwa usafi haikupaswa kufika huko. La pili ni mpira wa kuziba chini ya mlango. Walileta mfupi, hauzibi pembe, na wakaufunga kwa skrubu za kawaida ambazo masika hayajaisha zilikuwa zimeshaota kutu na kuchirizika kwenye sakafu. Nimezibadilisha mwenyewe kwa zisizoshika kutu, daraja la 316, ambalo linavumilia chumvi kuliko 304 inayouzwa kila duka. Ukiwaita, nunua mpira na skrubu mwenyewe, wakufungie tu.

Pesa: sehemu kubwa ilienda kwenye kazi ya mikono, rangi ilikuwa ndogo. Ukipewa makadirio ambayo rangi ndiyo gharama kubwa na kukwangua kumepewa mstari mmoja, tafuta wengine.

Utunzaji ni rahisi. Mara moja kwa mwezi, mara mbili wakati wa kusi, tunausuuza mlango kwa maji matamu, ndani ya reli tunapitisha brashi, kisha silikoni ya kupuliza kwenye reli na mpira. Grisi hapana. Mchanga wa Kigamboni ukikutana na grisi unakuwa msasa, na mafuta yake yanavimbisha mpira. Kama shata yako ina springi ndani ya bomba usiiguse, imebana nguvu ya kuvunja mkono. Hiyo mwachie fundi.

Walio Dodoma au Iringa, mbali na bahari, sioni kwa nini walipie haya yote. Huko praima sahihi na rangi ya kawaida inayolingana nayo zinatosha.

Hali ya mlango kwa sasa: rangi imeshika, nimeijaribu kwa ukucha na kwa kubandika na kubandua selotepu, haibanduki. Ninalolitilia shaka ni bati la chini kabisa, ambalo lilishatoboka vitundu viwili kabla ya kazi na wao wakaviziba kwa puti. Pembeni mwa kitundu kimoja pameanza kuvimba. Shata ya aina hii vipande vyake vinachomolewa kwa kutelezesha pembeni, kwa hiyo uvimbe ukiendelea nitabadilisha kipande hicho kimoja, na safari hii kitapakwa pande zote mbili kikiwa chini kabla hakijapandishwa.