Kidole, uso au PIN: tathmini ya njia za kufunga simu

Simu janja za leo zina kufuli mbili kwenye mlango mmoja. Ya kwanza iko kichwani mwako: PIN, mchoro au nywila. Ya pili ni mwili wako, yaani kidole au uso. Wengi huamini kwamba ya pili imeistaafisha ya kwanza, na hapo ndipo makosa mengi yanapoanzia. Zima simu, iwashe tena, uone: itadai PIN kabla ya kukubali kidole, kwa sababu ufunguo wa kufungulia data iliyosimbwa, yaani iliyogeuzwa isisomeke, hutegemea PIN hiyo. iPhone huidai pia ikikaa saa 48 bila kufunguliwa, au uso ukikataliwa mara tano mfululizo. Android huidai angalau kila baada ya saa 72. Aliyenunua simu yenye kamera bora ya kutambua uso kisha akaweka 1234 ana simu yenye ulinzi wa 1234.

Tuanze na vidole. Sensa zake ni za aina tatu na hazilingani. Ile ya kwenye kitufe cha pembeni au mgongoni mwa simu hupima tofauti ndogo za chaji ya umeme kati ya matuta na mabonde ya ngozi. Ina kasi, haisumbuliwi na protekta, na picha ya kidole iliyochapwa kwenye karatasi haiihadai. Kwa mtu anayetaka kitu cha kutegemea kila siku, hii ndiyo tunayoipendekeza. Ya pili hukaa chini ya kioo na hutumia mwanga: skrini humulika kidole, kamera ndogo hukipiga picha. Inafanya kazi, ila huona sura bapa tu, na ngozi kavu huisumbua. Ya tatu, nayo ya chini ya kioo, hutuma mawimbi ya sauti yasiyosikika na kusoma kina cha mistari, hata kidole kikiwa na unyevu kidogo.

Hiyo ya tatu ndiyo yenye teknolojia ya juu zaidi, lakini kinachobandikwa juu yake kinaweza kuiharibu kabisa. Oktoba 2019 ilibainika kwamba baadhi ya Samsung Galaxy S10 zilizovalishwa kava za silikoni zinazofunika skrini zilikuwa zikifunguka kwa kidole cha mtu yeyote. Sensa ilikuwa ikisoma vinundu vya silikoni yenyewe na kuvihesabu kuwa sehemu ya alama iliyosajiliwa. Samsung ilitoa sasisho, lakini utaratibu uliofaa wakati ule unafaa hadi leo. Ukibadilisha protekta, futa alama zote, safisha kioo, sajili upya, kisha jaribu kufungua kwa kidole ambacho hukukisajili. Simu ikifunguka, vua protekta hiyo.

Kidole bandia nacho kipo. Septemba 2013, siku chache tu baada ya iPhone 5s kuingia sokoni, Chaos Computer Club, kikundi cha wadukuzi cha Ujerumani, iliifungua kwa nakala iliyotengenezwa kutokana na alama iliyoachwa kwenye kioo. Sensa zimeimarika tangu wakati huo, lakini mzizi wa tatizo haujaondoka: kidole huacha nakala yake kwenye kila kitu laini kinachoguswa, ikiwemo simu yenyewe. Kazi hiyo hutaka subira na ujuzi, kwa hiyo mwizi wa kawaida haihangaikii. Anayewindwa kwa jina lake ana sababu ya kuihofia.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji. Apple hukadiria kwamba uwezekano wa kidole cha mtu wa nje kulingana na kimoja kilichosajiliwa ni 1 kati ya 50,000. Ukisajili vidole vitano, unapanda hadi 1 kati ya 10,000, sawa na kubahatisha PIN ya tarakimu nne kwa mara moja. Vidole viwili vinatosha, kimoja cha kila mkono. Kama ngozi yako imesuguliwa na saruji, sabuni au jembe na simu inakataa mara kwa mara, sajili kidole kilekile mara mbili badala ya kuongeza vingine: mara ya kwanza kikiwa kikavu, mara ya pili mara tu baada ya kunawa na kujifuta.

Upande wa uso, tofauti kati ya simu na simu ni kubwa mno, na hili linastahili kukaguliwa kabla ya kununua. Face ID, mfumo wa Apple wa kutambua uso uliokuja na iPhone X mwaka 2017, hurusha usoni zaidi ya nukta 30,000 za miale ya infraredi, isiyoonekana kwa macho, na kupima kina cha sura. Apple hutaja uwezekano wa 1 kati ya 1,000,000 kwa mtu baki, na yenyewe inakiri kwamba ulinzi huo hupungua kwa mapacha, ndugu wanaofanana sana na watoto walio chini ya miaka 13. Simu nyingi za Android hutumia kamera ya kawaida ya mbele, na baadhi yake huhadaika kwa picha tu. Lakini Pixel 8, simu ya Google ya mwaka 2023, ilifikia daraja la juu kabisa la Android kwa kamera ya mbele bila mitambo ya infraredi, kwa hiyo usihukumu kwa macho.

Kipimo chepesi ni programu ya benki. Android hugawa vitambuzi katika madaraja matatu, na lile la chini kabisa haliruhusiwi kuthibitisha mtu ndani ya programu nyingine. Ukiona simu inafunguka kwa uso lakini programu ya benki inakubali kidole au PIN tu, huenda simu yenyewe imeshakujibu. Uso wa namna hiyo uzime.

Usingizi nao uzingatiwe. Pixel 4 ilipotoka mwaka 2019 ilifunguka hata mwenyewe akiwa amefumba macho, na marekebisho yalikuja baadaye kwa sasisho. Kwenye iPhone, hakikisha mpangilio unaotaka macho yaitazame simu umewashwa. Kidole hakina kinga ya aina hiyo. Mtu aliyelala fofofo, aliyelewa au aliyeshikwa kwa nguvu anaweza kuwekewa kidole chake kwenye sensa, ilhali PIN haiwezi kuchukuliwa kichwani mwake namna hiyo.

PIN nayo ina adui wake, ambaye ni jicho la jirani. Tarakimu nne hutoa michanganyiko 10,000, sita hutoa 1,000,000, na kwa kuwa simu huongeza muda wa kusubiri kila unapokosea, sita zisizo mwaka wa kuzaliwa zinatosha. Lakini zinatosha tu zisipoonwa. Mchoro wa nukta tisa una njia 389,112, nyingi kwa hesabu, ila hushikwa kwa kutazama mara moja na huacha michirizi ya mafuta kwenye kioo. Hatuupendekezi kwa mtu yeyote. Kwenye basi au foleni, kidole na uso vinaishinda PIN waziwazi, kwa sababu hakuna cha kuchungulia. Ndiyo maana Januari 2024, kupitia iOS 17.3, toleo la mfumo wa iPhone, Apple iliongeza ulinzi wa simu iliyoibwa: ukiwa mbali na maeneo uliyoyazoea, nywila zilizohifadhiwa hazifunguki bila uso au kidole, na kubadilisha nywila ya akaunti hutaka kusubiri saa nzima. Uwashe.

Je, taarifa zikivuja? Mwaka 2015 wadukuzi waliiba alama za vidole za watu milioni 5.6 kutoka ofisi ya utumishi ya serikali ya Marekani. Nywila iliyovuja hubadilishwa jioni ileile, lakini hao hawana vidole vingine. Simu nzuri huepuka hatari hiyo kwa kuhifadhi alama ndani ya chipu yake ya ulinzi, bila kuituma popote. Mashine ya mahudhurio kazini au kwenye lango la jengo inaweza kuwa inazikusanya kwenye seva moja. Kabla ya kuweka kidole hapo, uliza zinahifadhiwa wapi, na kama kuna njia ya kadi, chagua kadi.

Kwa akaunti za mtandaoni, paskii, yaani ufunguo wa kidijitali unaotumika badala ya nywila, ndiyo bora kuliko vyote vilivyotajwa hapa. Kidole hufungua ufunguo ulio kwenye kifaa chako, na tovuti haipati kidole wala nywila. Tovuti ya kitapeli haifaidiki, kwa sababu ufunguo umefungamanishwa na anwani halisi. Akaunti inayohifadhi paskii hizo ndiyo iwe na nywila ndefu: maneno sita yaliyochaguliwa kwa kurusha dadu kutoka orodha ya maneno 7,776, yaandikwe kwenye karatasi na kufichwa nyumbani.

Jizoeze pia kuzima kidole na uso kwa haraka. Kwenye iPhone yenye Face ID, bana kitufe cha pembeni pamoja na kimoja cha sauti hadi kitelezi cha kuzima kitokee. Kuanzia hapo ni PIN tu. Simu nyingi za Android zina amri kama hiyo kwenye menyu ya kitufe cha kuwasha, ila kwa baadhi lazima uiwashe kwanza kwenye mipangilio.

Kisha fungua orodha ya vidole vilivyosajiliwa na uihesabu. Anayeijua PIN yako anaweza kuongeza kidole chake kimyakimya. Programu nyingi za benki huligundua hilo na kuacha kukubali kidole hadi uthibitishe upya kwa nywila. Zikikuambia kwamba alama zimebadilika na wewe hujagusa kitu, badilisha PIN kwanza, ndipo ufute vidole vyote na kusajili upya.