Uzoefu wangu: Rada za Oklahoma, saa sita usiku Kigoma

Nafundisha jiografia kwenye chuo kidogo hapa mjini, na huu ni msimu wa pili natumia data za rada za hali ya hewa za Marekani, mtandao unaoitwa NEXRAD. Ni rada zipatazo 160, na data zake ghafi zinawekwa wazi dakika chache tu baada ya kupimwa. Hulipi, hujisajili, huandiki barua ya maombi kwa mkurugenzi. Kumbukumbu zake zinarudi hadi 1991, na tangu 2015 zipo kwenye hifadhi ya mtandaoni ya kampuni ya Amazon, ndiko ninakozichukua. Kuzifungua natumia Py-ART, programu ya kuchora data za rada, ya bure nayo.

Nilianza na za zamani: tornado, yaani kimbunga chembamba kama faneli, iliyopiga mji wa Moore, Oklahoma, 20 Mei 2013. Kwenye KTLX, rada ya Oklahoma City, mvua inajikunja kama ndoana, kila mtu anaiona. Somo lilipendeza, ila lilinikera. Wanafunzi waliitafuta ndoana kwa sababu niliwaambia ipo.

Tukahamia za papo kwa papo. Radi za alasiri Oklahoma huku kwetu ni kama saa sita usiku, na bando la usiku ni nafuu, kwa hiyo tulipata bahati ambayo hatukuiomba. Wanafunzi sita, laptop moja, chupa ya chai ya rangi. Kukiwa na mvua, rada inamaliza mzunguko wake kila dakika nne hadi sita, ndipo faili jipya linashuka. Usiku mmoja wa Mei nilitangaza kwamba wingu tulilokuwa tukilifuata linakufa. Binti wa mwaka wa pili akabisha: "Mwalimu, hebu angalia picha ya kasi. Kijani na nyekundu zimegusana." Kijani ni upepo unaoijia rada, nyekundu unaoikimbia, zikibanana hivyo, ujue kuna kitu kinazunguka. Tukasubiri faili linalofuata, hakuna aliyegusa chai. Rangi zilikuwa zimekolea zaidi. Mimi ndiye niliyekosea, na sijawahi kufundisha dakika tano nzuri kama zile nikiwa nimenyamaza.

Kuna na popo. Karibu na San Antonio, Texas, lipo pango la Bracken, na mamilioni ya popo hutoka humo jua likizama. Huku ni alfajiri, wavuvi wa dagaa wanarudi Kibirizi na taa zao. Kwenye rada popo hao wanatokea kama duara linalopanuka, na darasa zima likaandika "mvua". Niliwaacha na mvua yao nusu saa nzima. Anga lilikuwa jeupe.

Usumbufu upo. Majina ya faili yanafuata saa za UTC, saa ya pamoja ya dunia: ongeza tatu upate saa zetu, kisha uigeuze kichwani iwe saa ya Kiswahili. 21:00 ya faili ni saa sita usiku yetu. Mara ya kwanza nilisahau hizo tatu, nikawaamsha watu waje kuangalia mvua saa isiyo yake. Faili moja linaweza kula megabaiti kadhaa, na mtandao ukiyumba katikati unaanza upya. Halafu Py-ART inataka uandike msimbo. Asiyejua Python, lugha ya kuandikia programu, atateseka wiki ya kwanza, baadaye atakuwa ananakili mistari ileile kama sisi.

Nawapa nyota nne. Ile ya tano nimeishika kwa sababu isiyowahusu: wanafunzi wangu wameshajua Moore iko upande gani wa Oklahoma City, lakini usiku upepo ukivuruga ziwa, bado tunasimama dirishani kuhesabu taa za mitumbwi.

Anayetaka kuanza aanze na KTLX, apakue faili tano tu, asiguse zaidi. Sisi tutabaki nayo mpaka Juni iishe. Julai tunahamia Texas, kwa popo.